Kutoa ni Nusu ya Kazi: Historia ya Mzio wa Chakula na Vile Nilirudishiwa Ugali Wangu

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na karatasi imebandikwa ukutani hosteli, juu ya kitanda changu, mahali wengine hubandika picha ya Arsenal. Ilikuwa na safu mbili, kijani na nyekundu. Kwa safu ya nyekundu kulikuwa na vyakula 27. Mahindi. Maharagwe. Maziwa. Mayai. Ngano. Nyanya. Sasa wewe niambie, komredi wa mwaka wa pili anayeishi kwa doo ya HELB, ukimnyima hivyo vyote umemwachia nini? Umemtolea ugali, githeri, chapo, madondo, chai ya maziwa na mayai boilo. Umemtoa Kenya.

Nilifikaje hapo? Nikiwa mwaka wa kwanza, ngozi yangu ilianza vituko. Mabaka ya kuwasha shingoni na mikononi, mdomo unavimba ghafla, tumbo linasokota, halafu baada ya masaa machache kimya, kama hakuna kitu kilitokea. Nikafanya vile kizazi chetu hufanya: nikauliza simu. Simu ikaniambia nina magonjwa yote. Kisha matangazo yakaanza kunifuata, na moja lilikuwa la maabara fulani, sitaitaja, inayochukua damu kidogo na kukuambia vyakula vyote ambavyo mwili wako "unakataa". Shilingi 18,000. Mathe akatoa pesa ya chama, ile zamu yake aliyongoja mwaka mzima, na hakuuliza maswali mengi. Mtoto wake alikuwa anajikuna.

Kwa miezi mitano nikala wali mweupe, ndizi, viazi na avokado. Nilipoteza kilo 11. Nilikuwa nikisimama ghafla naona giza. Semista hiyo nilikosa mitihani, na baadaye sikurudi. Sitawadanganya ati karatasi peke yake ndiyo ilinitoa chuo. Karo ilikuwa na mkono wake, na mimi pia nilikuwa na wangu. Lakini njaa ilikuwa ndani ya hiyo story, na njaa ilitoka kwa karatasi.

Na unajua kitu kilichoniuma zaidi? Vipele vilikuwa bado vinakuja.

Mtu aliyeacha chuo ana kitu kimoja ambacho komredi hana, nacho ni wakati. Nikautumia kusoma. Nilitaka kujua: huu mzio, ama aleji vile tunaita mtaani, ulitoka wapi? Nani aliamua kwamba ukiumwa na chakula dawa ni kuorodhesha vyakula na kuvikata? Najua wengi wenu mliacha historia kidato cha pili mkachukua jografia. Vumilieni. Hii historia ingenipata mapema, ningekuwa bado na zile kilo 11, na mathe angekuwa na pesa yake ya chama.

Mbwa anayeitwa Neptune

Kwamba chakula kinachomjenga mmoja kinaweza kumwangusha mwingine, watu wamejua zamani sana. Kwenye maandishi ya Kigiriki yanayohesabiwa kuwa ya Hippocrates, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kuna mfano wa jibini: kuna mtu anakula mpaka anashiba na hana shida, na kuna mwingine anakula na anaumia. Aliyeandika alishaona kwamba shida haiko kwa jibini peke yake. Iko kwa jibini na huyo mtu wakikutana.

Lakini kwa nini? Jibu lilianza kuja kwa ajali, na lilianzia baharini. Mwaka 1901 Prince Albert I wa Monaco, mtawala aliyependa bahari kuliko siasa, aliwachukua wanasayansi wawili Wafaransa kwa meli yake: Charles Richet na Paul Portier. Walienda kuchunguza sumu ya kiumbe wa baharini anayefanana na yavuyavu, mwenye mikia mirefu inayochoma. Wakirudi Ufaransa waliendelea na sumu ya anemoni wa baharini, wakitumia mbwa.

Wazo lao lilikuwa la maana. Chanjo tayari zilikuwepo, kwa hivyo walifikiri ukimpa mbwa sumu kidogo leo, siku ingine atakuwa amezoea na atahimili nyingi. Mmoja wa mbwa hao aliitwa Neptune. Dozi ya kwanza alipita bila shida. Wiki kadhaa baadaye wakampa ingine, kidogo tu, ambayo haingefaa kumfanya kitu. Akaanza kuhema, akaanguka, akatapika damu. Kwa dakika 25 alikuwa amekufa.

Kumbe mwili unaweza kujifunza vibaya. Ile kinga ambayo kazi yake ni kutulinda inaweza kukutana na kitu, ikakikariri kama adui, na siku kikirudi ikachoma nyumba nzima ikimtafuta mwizi. Richet aliita hali hiyo anafilaksia, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906, daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, alikuwa ameshaunda neno "aleji" kutoka kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la "nyingine" na moja la "kazi". Alimaanisha mwili uliobadilika, unaojibu tofauti na vile ulijibu mwanzo.

Shika hiyo: tofauti na mwanzo. Ndiyo maana mtu anaweza kukwambia "lakini nimekula hii kitu tangu nikiwa mtoto" na bado awe na mzio nayo leo.

Kijana wa mayai

Sasa hapa ndipo story ilinishika. Mimi nilidhani historia ya mzio itakuwa historia ya madaktari wanaokataza watu vitu. Nikapata kinyume.

Mwaka 1908 daktari Mwingereza anaitwa Alfred Schofield aliandika kwenye jarida la *The Lancet* kuhusu kijana wa miaka 13 aliyekuwa akigusa yai tu anaugua. Kumwambia "usile mayai" kulikuwa rahisi, lakini mayai yako kwa keki, kwa biskuti, kwa kila mahali. Schofield akamtengenezea vidonge vyenye yai kidogo sana, mwanzo ikiwa sehemu moja kwa 10,000 ya yai. Akaongeza polepole, miezi ikapita, mpaka huyo kijana akaweza kula mayai.

Usijaribu hiyo kwa keja yako. Nimesema usijaribu. Leo kuna matibabu yanayofanana na hayo na yanafanywa na madaktari, dawa za dharura zikiwa karibu. Nakuonyesha tu kwamba mwaka 1908, kabla mtu yeyote ajue vizuri mzio ni nini, kulikuwa na daktari aliyeona kazi yake ni kumrudisha mtoto mezani.

Mwaka 1912 huko New York, Oscar Schloss, daktari wa watoto, alikuwa na mtoto anayeugua akila mayai, lozi na shayiri ya uji. Schloss alimkwaruza ngozi kidogo na kuweka vyakula tofauti juu ya mikwaruzo. Vile ambavyo vilikuwa adui, ngozi ikavimba hapo hapo. Kitu kinachofanana na hicho bado kinafanywa hospitalini leo. Kumbuka jina la Schloss, nitarudi kwake.

Halafu kuna wawili ambao nawaheshimu sana, Carl Prausnitz na Heinz Küstner, Ujerumani, 1921. Küstner alikuwa na mzio wa samaki. Prausnitz hakuwa nao. Prausnitz akachukua majimaji ya damu ya mwenzake akajidunga kwa ngozi ya tumbo, na kesho yake akajidunga maji ya samaki mahali pale pale. Pakavimba. Kwa hivyo kulikuwa na kitu ndani ya damu ya Küstner ambacho kingeweza kuhama na kubeba mzio. Hawakujua ni nini. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kukipata.

Kisha akaja Albert Rowe, daktari wa California, aliyechapisha kitabu kuhusu mzio wa chakula mwaka 1931. Yeye ndiye aliyeeneza ile njia ya kuondoa vyakula. Ndiyo, ile ile ambayo leo kila mtu mwenye simu na taa ya duara anakuuzia. Lakini kwa Rowe ilikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza, unaondoa vyakula vinavyoshukiwa kwa muda na kubaki na vichache visivyo na shida. Nusu ya pili, unarudisha. Kimoja kimoja, huku ukiangalia mwili unasema nini. Kuondoa kulikuwa swali. Kurudisha ndiko kulileta jibu.

Mimi niliuziwa nusu ya kwanza kwa shilingi 18,000. Nusu ya pili hakuna mtu alinitajia.

Wenye kazi yao

Unaweza kuuliza, kama daktari yuko, huyu mtaalamu wa lishe ni wa nini? Si ni yule anakwambia kula mboga na kunywa maji?

Daktari anaweza kukwambia una mzio wa maziwa kwa dakika 10. Kisha unatoka, uko kwa steji, una shilingi 200, na swali lako ni moja: leo nakula nini? Mkate uko na maziwa? Nitapata wapi protini na kalsiamu? Nikila kwa kibanda namuuliza nini mama wa kibanda? Hiyo ni kazi ingine na inataka mtu aliyeisomea. Marekani walianza kujipanga mwaka 1917, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati chakula kilikuwa cha kuhesabu. Lenna Cooper na Lulu Graves waliwakusanya wataalamu wenzao mjini Cleveland wakaunda chama cha kazi yao. Mpaka leo kipo, na jina jipya.

Hapa kwetu sheria ilikuja mwaka 2007. Bunge lilipitisha sheria ya wataalamu wa lishe, ikaanzishwa taasisi ya kuwasajili na kuwapa leseni, inayojulikana kama KNDI. Hiyo inamaanisha kazi ya kushauri watu kuhusu lishe kama tiba ina mlango, na mlango una askari. Mtu akikwambia yeye ni mtaalamu wa lishe unaweza kumwomba leseni, na si ufidhuli. Ni kama kumuuliza dereva wa matatu kama ana leseni, tofauti ni kwamba huyu anaendesha tumbo lako.

Wakati nilinunua ile karatasi, sheria hiyo ilikuwa na zaidi ya miaka 10. Sikuwahi kuisikia. Wafuasi 400,000 wa yule jamaa wa video niliyemwamini, hao niliwahesabu.

Herufi moja

Turudi kwa kile kitu ndani ya damu ya Küstner. Mwaka 1966 Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke kutoka Japani waliokuwa wakifanya utafiti Denver, walieleza aina mpya ya kingamwili. Mwaka uliofuata Gunnar Johansson na Hans Bennich wa Sweden wakafikia kitu hicho hicho kwa njia yao. Mwaka 1968 wakakubaliana ni kimoja, kikaitwa IgE. Hii ndiyo kingamwili inayohusika na ule mzio wa ghafla: unakula, baada ya dakika chache mdomo unavimba, ngozi inawasha, pumzi inabana.

Sasa kuna ndugu yake anaitwa IgG. Herufi moja tu imebadilika. IgG za chakula unazo, ninazo, anazo bibi yako kule ushago. Mara nyingi zinaonyesha tu kwamba mwili umekutana na hicho chakula. Yaani ukila ugali kila siku, mwili wako utakuwa na alama za ugali. Mwaka 2008 wataalamu wa mzio wa Ulaya walitoa msimamo kwamba kupima IgG4 za vyakula hakufai kutumika kutambua mzio, na wenzao wa Amerika wakauunga mkono.

Nilitoa ile ripoti yangu kwa droo nikaisoma tena. Pale chini, kwa maandishi madogo: IgG.

Nilikaa chini. Sasa nilielewa kwa nini mahindi, maharagwe, maziwa na ngano vilikuwa juu kabisa kwa safu ya nyekundu. Vilikuwa vyakula nilivyokula sana. Nililipa 18,000 nikaambiwa mimi ni Mkenya.

Lakini hata wataalamu walikosea

Nasikia mmoja wenu anasema, hao wataalamu wenyewe si wamewahi kukosea? Wamewahi, tena vibaya. Wacha niwaambie mwenyewe kabla mniambie.

Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto Marekani kilitoa ushauri kwa familia zenye historia ya mzio: mtoto asipewe maziwa ya ng'ombe mpaka afike mwaka mmoja, mayai mpaka miaka 2, njugu karanga na samaki mpaka miaka 3. Ilionekana busara. Kama njugu ni hatari, zichelewesha. Wazazi wakafuata. Mzio wa njugu haukupungua.

Kisha mwaka 2008 watafiti wakalinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wale wa Israeli. Wale wa Uingereza walikuwa na mzio wa njugu karibu mara 10 zaidi. Jamii inafanana, kwa hivyo tofauti ilikuwa wapi? Israeli watoto wachanga hupewa mapema kitafunio cha njugu kinachoyeyuka mdomoni. Uingereza walikuwa wanazificha. Mwaka huo huo wa 2008, Wamarekani wakaondoa ule ushauri wao.

Watafiti hawakuishia kwa kukisia. Kikundi cha Gideon Lack huko London kilichukua watoto wachanga 640 waliokuwa kwa hatari kubwa, wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Walipimwa kwanza, wakagawanywa: nusu wale njugu mara kwa mara, nusu wasiguse. Wakafika miaka 5. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Kati ya waliokatazwa, asilimia 17.2 walikuwa na mzio wa njugu. Kati ya waliokula, asilimia 3.2.

Soma tena hizo namba. Ile kinga ya kukataza ndiyo ilikuwa inaongeza shida.

Kwa hivyo ndiyo, wataalamu walikosea. Lakini angalia nani alifichua kosa. Ni wao wenyewe. Walijipima, wakaona namba, wakabadilisha ushauri mbele ya watu wote. Sasa niambie, ile maabara yangu imewahi kunipigia simu kuniuliza kama niliendelea vizuri? Yule jamaa wa video amewahi kurudi kusema "watu wangu, nilikosea"? Mimi siwaamini wataalamu kwa sababu hawakosei. Nawaamini kwa sababu kwao kosa huwa na mahali pa kujulikana.

Daftari la wiki mbili

Aliyeniokoa ni binamu yangu, muuguzi. Alikuja nyumbani Krismasi akaniona, akanyamaza, kisha akaniambia, "Wewe, Januari unakuja na mimi." Akanipeleka kliniki ya lishe ya hospitali ya umma. Nililipa shilingi 300.

Mtaalamu alikuwa mama wa makamo. Nilimpa karatasi yangu kwa heshima, kama cheti. Aliitazama, akaikunja mara mbili, akaiweka kando. Akaniuliza, "Kijana wangu, jana ulikula nini? Nianzie asubuhi." Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza hivyo. Wote walikuwa wameniambia.

Akanipa kazi ya wiki mbili. Andika kila kitu kinachoingia mdomoni, saa ngapi, kimepikwa na nani, na mwili ulifanya nini baadaye. Hata pipi, hata dawa. Nikaandika. Niliporudi alipitia kurasa na kalamu yake, anazungusha, anazungusha, kisha akaniuliza, "Mama yako anatoka wapi?"

Nikamwambia Busia.

"Mboga anapika na nini?"

Simsim. Mathe anasaga simsim na kuweka kwa mboga za kienyeji, vile mamake alimfundisha. Na tangu nianze kukonda alikuwa anaweka zaidi. Alikuwa pia ananitumia unga wa uji uliosagwa na simsim ndani, unipe nguvu. Chuo, zile siku mbaya zilikuwa siku za bani yenye mbegu juu. Kila mahali mtaalamu alizungusha, simsim ilikuwa karibu.

Na kwa ile karatasi, simsim ilikuwa wapi? Kwa kijani. Salama. Kula bila wasiwasi.

Hakusema "una mzio wa simsim". Alisema anashuku, akanituma kwa daktari, na daktari akanichoma kidogo kwa mkono na matone ya vitu tofauti. Ile jamaa ya kipimo cha Schloss, zaidi ya miaka 100 baadaye. Baada ya dakika 15 kulikuwa na uvimbe mmoja mkubwa unaowasha. Mahindi, mayai, ngano, maharagwe: ngozi laini.

Na maziwa? Ngozi pia laini, lakini mimi nilikuwa najua chai ya maziwa hunijaza gesi. Mtaalamu akanieleza kwamba huo si mzio. Watu wengi duniani wakishakua hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff waligundua kwamba jamii nyingi za wafugaji wa Kenya na Tanzania zina mabadiliko yao wenyewe ya jeni yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Wazungu. Wengine wetu hatuna. Mtu wa mzio wa maziwa, tone linaweza kumpeleka hospitali. Mimi kikombe kidogo ni sawa, lita moja ni aibu kwa matatu. Vitu viwili tofauti kabisa, na kwa karatasi yangu vilikuwa rangi moja.

Kisha ikaanza ile nusu ya Rowe. Daktari alikuwa amekubali, kwa hivyo kila siku chache nilirudishiwa kimoja. Mtaalamu aliniuliza nianze na gani.

Nilienda nyumbani jioni hiyo. Mathe akasonga ugali, sukuma kwa mafuta na kitunguu tu, na mayai mawili pembeni kwa sahani yake mwenyewe, kwa sababu ya mayai zamu ilikuwa bado. Alinitazama nikimega. Nilipomwambia ilikuwa simsim, hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza, "Kwa hivyo nilikuwa nakupea?" Nikamwambia hapana mathe, ulikuwa unafuata karatasi. Lakini nyinyi mnajua mama zenu. Alienda akatoa mkebe wa simsim kwa kabati akampelekea jirani usiku huo huo.

Hiyo ndiyo sehemu siwezi kuisamehe ile maabara. Pesa inarudi, kilo zilirudi. Lakini walimfanya mama anilishe kilichokuwa kinaniumiza, kwa upendo, huku wakimwambia aogope mahindi.

Kwa hivyo

Kama chakula fulani kinakufanya uvimbe koo, ushindwe kupumua au uzimie, hiyo si ya kuandikia daftari. Ni hospitali sasa hivi, ni sindano ya adrenalini, na baada ya hapo usijaribu kujirudishia chochote nyumbani. Neptune alikuwa sawa mara ya kwanza.

Kama ni yale mambo ya polepole, vipele na tumbo na hujui ni nini, anza kuandika leo. Nenda na daftari kwa mtaalamu wa lishe mwenye leseni. Hospitali nyingi za umma za kaunti zina kliniki ya lishe, na watu wengi hudhani ni ya watoto na wagonjwa wa sukari peke yao. Usikate vyakula vingi kabla ya kupimwa. Mtu akikuuzia kipimo cha damu cha vyakula, muulize ni IgE au IgG. Na muulize swali moja la mwisho, ambalo mimi ningeuliza ningebaki na pesa ya mathe: utanirudishia lini?

Kama hana jibu, ondoka.

Ile karatasi bado ninayo. Niliitoa ukutani nikaiweka ndani ya lile daftari la wiki mbili, kwa ukurasa wa kwanza ambapo yule mama alizungusha neno simsim. Siku hizi napika mwenyewe. Jana ilikuwa githeri.